Maisara na Msichana Aliyehifadhi Kitabu cha Uchumi

Bwana Nicodemus, mhadhiri wa uchumi wa chuo kikuu, aliingia chumbani kwa Maisara bila hodi, akaweka karatasi ya majibu ya mtihani upande mmoja wa meza na kitabu cha uchumi upande wa pili, akamwambia Maisara asome hapa kisha asome hapa. Maisara akasoma. Aya ya kwanza ya karatasi ilikuwa aya ya kitabu. Ya pili vilevile. Mkato ulipokaa kitabuni ndipo ulipokaa kwenye karatasi, na yule mkulima wa ngano wa nchi za baridi, ambaye hakuna mtu Mombasa aliyewahi kumtia machoni, alikuwa yuleyule na ngano yake ileile.

"Huyu ni mwanafunzi wako," alisema Nicodemus. "Swafia Faiz. Aliingia na simu kwenye mtihani. Sina njia nyengine ya kulieleza jambo hili, na wewe huna."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kamati ya nidhamu ingekaa Alhamisi. Adhabu ya kuingia na simu inajulikana na kila mtu pale: unafukuzwa, na jina lako linapelekwa kwa wanaotoa basari ya kaunti, yaani msaada wa karo, ili wasitoe tena. Kwa mtoto wa fundi cherehani, hapo ndipo masomo yanapokwisha. Hakuna chuo kikuu cha pili kinachomngoja.

Maisara ni jirani yangu hapa Kibokoni, ukuta wake na wangu ni mmoja, na haya nimeyasikia kwake na kwa babake msichana. Watu wakimuuliza anafanya kazi gani husema anafundisha watu wazima kusoma, nao hucheka. Lakini ndivyo ilivyo. Chuo kikuu hicho kina tawi hapa kisiwani, ghorofa chache juu ya maduka, na kila mwaka huingia vijana waliofaulu vizuri shule za upili, kisha baada ya miezi michache huanza kupotea mmoja mmoja. Akili wanazo. Wanachokosa ni kengele. Hakuna mwalimu wa zamu, hakuna wa kukuuliza umesoma ama umelala. Maisara huwaonyesha namna ya kuigawa siku, namna ya kuingia kwenye sura ya kitabu na kutoka na kinachotakikana, namna ya kumwendea mhadhiri na swali bila kutetemeka, na namna ya kutumia mawazo ya mtu mwingine ukataja kwamba ni yake. Chumba alichopewa kilikuwa stoo ya viti vilivyovunjika. Viti vitatu bado vimo, na wanafunzi huvigombania kwa sababu mabao ya kukalia aliyoyaweka yeye ni magumu zaidi.

Hakuifikia kazi hiyo kwa njia iliyonyooka. Aliacha shule babake alipofariki, akauza viazi vya karai barazani kwao, akawa karani kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, akasoma madarasa ya jioni naye ni mke wa mtu na mama wa watoto. Hajawahi kupewa kitu bila kupatana bei. Hata mkataba wake hapo ni wa mwaka kwa mwaka, na ukifika wakati wa kuutia sahihi upya, huingia kwa Dkt. Beryl, mkuu wa tawi, kama mtu aingiavyo soko la Marikiti asubuhi: anajua atakachoomba, anajua atakachokubali, na usoni mwake husomi kimojawapo.

Kwa hiyo Nicodemus aliposema neno la simu, Maisara hakumtetea msichana wala hakushangaa. Alimuuliza kama kuna aliyeiona hiyo simu. Hakuna. Msimamizi wa mtihani alisema lolote? Hakusema. Basi mkononi una karatasi tu, Maisara akamwambia. Nicodemus akajibu kwamba karatasi inatosha. Mwaka uliopita alikuwa amemwachilia kijana mmoja wa kwao bara, aliyemlilia kwa lugha ya nyumbani, na wiki iliyofuata simu ikaonekana ndani ya soksi ya kijana huyo. Wahadhiri wenzake walimcheka mwaka mzima. "Mimi sinunui machozi tena," alisema, akachukua kitabu chake akatoka.

Swafia alipoitwa alisimama mlangoni mpaka alipoambiwa akae. Msichana mwembamba, buibui limepigwa pasi, macho chini. Maisara hakumzungusha. Akamwambia anashtakiwa kwa nini na kitakachompata. Swafia akasema hakuwa na simu. Sasa uliandikaje? Hapo msichana akainua macho kidogo, kama aliyeulizwa kitu kisichohitaji kuulizwa.

"Nilikihifadhi, mwalimu."

Maisara alichukua nakala ya kitabu kile rafuni. Ujana wake aliwahi kwenda kutazama mashindano ya kuhifadhi Kur'ani, na alikumbuka mwamuzi anavyofanya: hufungua popote, husoma mwanzo wa aya, hunyamaza, na mshindani huendelea. Akafungua katikati, akasoma nusu ya sentensi kwa Kiingereza, akanyamaza. Swafia akaendelea. Hakusitasita. Mabega yakaanza kuyumba kidogo mbele na nyuma kama ya mtoto wa madrasa, na Kiingereza cha kitabu kikamtoka kwa pumzi ndefu, ukurasa ukaisha, mwengine ukaanza. Maisara alimwambia basi. Akafungua mahali pengine. Ikawa vilevile.

"Kitabu chote?"

"Sura alizotufundisha mhadhiri tu. Zile nyengine bado."

Kwa muda mfupi Maisara alihisi ameshinda. Simu haipo, na dalili anayo, hai, imekaa juu ya kiti. Kisha akamuuliza kama aliwahi kuhudhuria lile somo la wiki ya kwanza, la kuandika kwa maneno yako mwenyewe. Swafia akasema alikuja. Unakumbuka nilichosema? Na msichana akamsomea ile karatasi ambayo Maisara huwagawia wanafunzi wapya, neno kwa neno: usinakili maneno ya mwandishi, yaelewe, kifunge kitabu, kisha andika kwa maneno yako. Akateremka nayo mpaka chini kabisa, penye nambari ya chumba na siku ambazo mlango huwa wazi.

Maisara aliniambia alitaka kucheka. Alimuuliza, sasa kama unalijua hilo, mbona hukulifanya? Swafia akasema, "Mimi ni nani, mwalimu, hata nibadilishe maneno ya wenyewe?"

Ili uelewe jibu hilo lazima umjue nyanyake. Bi Mwanatumu ana madrasa chini ya nyumba yao, na nusu ya wanawake wa mtaa huu wamepita mikononi mwake. Kwake, mwanafunzi akiongeza herufi moja hurudishwa mwanzo. Akipunguza, hurudishwa mwanzo. Na haikuwa Kur'ani peke yake. Dua, salamu, hata namna ya kuomba ruhusa ya kwenda msalani ilikuwa na maneno yake, na maneno hayo hayaguswi. Swafia alihifadhi msahafu mzima kabla hajamaliza shule ya msingi. Shule ya upili akafanya hivyohivyo: mwalimu anaandika ubaoni, yeye anahifadhi, siku ya mtihani anamrudishia mwalimu mali yake kamili. Akapata alama za juu. Biashara inayolipa nani huibadilisha? Walimu walimsifu na hakuna aliyemuuliza anaelewa nini. Kiingereza chenyewe, nusu yake kilikuwa kwake sauti zilizopangwa vizuri.

Jumanne Maisara alimfuata Nicodemus kwenye chumba cha walimu na kumpa bei yake. Mjaribu mwenyewe, faraghani; ukiridhika, liondoe shitaka, na msichana afanye mtihani mwengine. Nicodemus alisikiliza mpaka mwisho. Alikataa. Kama kweli amehifadhi, alisema, na aonyeshe mbele ya kamati, mimi nitakuwa wa kwanza kuliondoa neno simu. Lakini nikishaliondoa nitamuuliza maana ya hayo aliyoyahifadhi.

"Na asipojua?"

"Asipojua, nitaiomba kamati imrudishe kwao. Redio pia inasema Kiingereza, na hatuiandikishi darasani."

Maneno hayo yalimkera Maisara. Alimweka Swafia chumbani mchana kutwa. Alimfungia kitabu, akamwambia haya, nieleze bei na mahitaji ni kitu gani. Swafia akaanza kusoma kitabu kwa moyo. Hapana, kwa maneno yako. Kimya. Akamwambia basi sema kwa Kiswahili, kwa Kimvita, kama unavyozungumza na nyanyako jikoni. Msichana alikuwa anatokwa na jasho. Kumwambia aseme yake mbele ya mwalimu kulikuwa kama kumwambia akanyage mswala wa nyanyake na viatu. Jioni ikafika hawajapata hata sentensi moja, na Swafia akaomba ruhusa ya kuondoka kwa maneno yaleyale aliyofundishwa utotoni.

Jumatano baada ya Alasiri Maisara akaenda nyumbani kwao, si mbali na kwetu. Faiz, babake Swafia, alikuwa ameshafunga karakana yake kabla ya wakati, na hilo peke yake lilimtia Maisara wasiwasi. Salamu zikapita, za mtu, za watoto, za wagonjwa, kahawa ikaletwa. Bi Mwanatumu alikuwa amekaa kitandani na tasbihi yake. Swafia yuko pembeni kwenye mkeka. Kutoka chini ilisikika sauti ya watoto wa madrasa wakisoma.

Faiz alikuwa ameshakata shauri. Angemtoa binti yake kabla ya kamati kukaa. Kesho asubuhi angekwenda yeye na kusema mtoto hataki tena masomo. Alisema ni bora atoke kwa miguu yake kuliko atolewe, maana mtaa huu ukisikia mjukuu wa Bi Mwanatumu ameiba mtihani, nani ataleta mtoto wake hapo chini kusoma? Maisara akamwambia kwa utaratibu kwamba anayekimbia kikao huandikwa amekubali kosa. Jina litakwenda kaunti vilevile. Utakuwa umelipa bei yote na mzigo hujauchukua.

Bi Mwanatumu akaingilia kati. "Maisara. Wewe nimekusomesha mimi."

"Naam, Maalim."

"Nilikufunza kutia maneno yako?"

"La, Maalim."

"Lakini ulikuwa ukiyatia. Ndiyo sababu hukuvuka Juzuu Amma mpaka ukaolewa." Faiz alijizuia kucheka akashindwa. Bi kizee akaendelea kusema kwamba mtoto huyu amefunzwa kuchukua amana na kuirudisha kama alivyopewa, na sasa watu wamemgeukia wanamwita mwizi kwa kuwa hakuiharibu amana. Wasomi gani hao?

Maisara alikuwa anatafuta jibu lenye adabu wakati mtoto mmoja kule chini alipokosea. Kosa dogo, neno limerukwa. Bi Mwanatumu hakupata hata nafasi ya kufungua kinywa. Swafia, ambaye tangu Maisara aingie hakuwa amesema neno ila salamu, alipaza sauti kuelekea ngazi: "Rudia. Umeruka." Akalitaja neno lililorukwa, akaeleza ni kwa nini haliwezi kurukwa hapo, mtoto akarudia, na Swafia akarejea kimya chake bila kuinua macho.

Maisara alikunywa kahawa yake. Hakusema alichokiona. Alimgeukia Faiz na kuanza upya, safari hii kwa sauti ya mtu anayekaribia kuondoka. Mlete kesho, alisema. Njoo naye, ukae nje ya mlango. Faiz alifikiri. Akasema sawa, lakini kwa sharti: akiulizwa mbele ya watu wale akanyamaza, yeye ataingia amshike mkono waondoke, na Maisara asimzuie. Maisara akakubali. Akaomba kimoja cha kuongeza, kwamba usiku ule asimwongezee msichana neno jengine kuhusu kesho, si dua wala onyo. Faiz aliona hilo ni rahisi mno, na akakubali upesi.

Alhamisi chumba cha mikutano kilikuwa moto. Feni ilizunguka bila kuleta upepo, kwa hiyo waliuacha mlango wazi kidogo, na kupitia uwazi huo Maisara aliweza kuona goti la Faiz kwenye bao la nje. Dkt. Beryl alikaa katikati. Kulia kwake Nicodemus, kushoto Jacinta wa ofisi ya usajili, aliyekuwa akiandika yanayosemwa. Swafia alisimama mbele yao, na hata alipopewa kiti alikaa kwenye ncha yake.

Nicodemus alisimulia shitaka bila chumvi. Kisha akasema mwanafunzi anadai amehifadhi, na akafungua kitabu mahali alipopataka mwenyewe. Akasoma nusu ya sentensi. Swafia akaendelea. Akafungua pengine, chini ya ukurasa, katikati ya maelezo ya mchoro ambayo hakuna mwanafunzi huyasoma. Swafia akaendelea. Jacinta aliacha kuandika akawa anatazama tu. Mara ya tatu Nicodemus alisoma maneno mawili pekee, na yakatosha.

Alikifunga kitabu. "Naliondoa neno simu," alisema, na Jacinta akaliandika. Sijawahi kukutana na bwana huyu, lakini Maisara husema ni mtu wa mizani sawa, na kwa hilo namwamini.

Kisha Nicodemus akauliza, "Sasa nieleze. Huyu mkulima wa ngano, umemsoma vizuri. Kwa nini mavuno yakiwa mengi yeye huumia?"

Swafia akafungua kinywa, na kikatoka kitabu.

"Hapana. Kwa maneno yako."

Dkt. Beryl akamwambia ajibu kwa lugha yoyote, Kiswahili kikiwa chepesi kwake aseme Kiswahili. Kimya. Vidole vya Swafia vilikuwa vimeng'ang'ania ncha ya mtandio. Nicodemus alingoja, akamtazama Dkt. Beryl, na akaweka kalamu chini kama mtu aliyemaliza. Nje bao lililia. Goti la Faiz halikuonekana tena. Badala yake kulikuwa na kivuli chake kwenye mlango.

Maisara akaomba kusema. Dkt. Beryl alimruhusu, lakini alikuwa na swali lake kwanza: si kazi ya Maisara kuwafunza wanafunzi wapya jambo hilihili? Alimfunza ama hakumfunza?

Hapo palikuwa na majibu mawili. Akisema alimfunza, mkataba wake uko salama na msichana ana kosa, maana alijua akapuuza. Maisara aliyapima kama anavyopima kila kitu. "Nilimgawia karatasi nikaisoma mbele yao," alisema. "Ameihifadhi. Ukitaka atakusomea. Mtu wa namna hii hafunzwi kwa karatasi, na hilo nimelijua Jumatatu." Dkt. Beryl akaandika kitu kifupi kwenye daftari lake. Faiz alikuwa ameshausukuma mlango.

Maisara hakumtazama. Alivuta kiti, akakaa mkabala na Swafia, chini kidogo kuliko yeye, kama mwanafunzi mdogo anayekuja kusikilizwa somo lake.

"Unga wa sima na udi ni mamoja," alisema kwa Kiswahili. "Bei ikipanda, watu huacha kununua vyote viwili sawasawa."

Swafia akakunja uso.

"Na ikipanda zaidi, wataacha unga kwanza, kwa sababu ndio wanaoununua kila siku."

"Sivyo," alisema Swafia.

"Sivyo vipi? Bei ni bei."

"Sivyo, mwalimu. Umekosea. Unga hauachiki. Ukipanda, mtu atapunguza nyama, atakwenda kazini kwa miguu, lakini unga atanunua, ama watoto walale na nini? Udi ndio unaoachika. Ukiwa ghali nyanya husema Ijumaa hii tutafukiza ubani, na nyumba inanukia vilevile. Udi una badala yake. Unga hauna."

Nicodemus aliichukua tena kalamu. "Mchele je?" aliuliza, kwa Kiswahili chake cha bara. "Unga ukipanda si watu watahamia mchele?"

"Mchele umeushinda unga kwa bei. Mtu anayeukimbia unga kwa ughali wake hawezi kukimbilia mchele. Labda mhogo, na mhogo si kila siku."

Nicodemus akageukia Kiingereza. Alisema, makusudi na kwa uso mkavu, kwamba basi mkulima wa ngano akivuna sana ni lazima atajirike. Swafia alimgeukia. Kiingereza chake, ambacho dakika chache nyuma kilikuwa kimenyooka kama kitabu, kikavunjika vipande. Akasema hapana, si yeye peke yake aliyevuna, wote wamevuna, ngano imejaa, bei inaanguka, na mtu hali mikate miwili kwa kuwa mkate ni rahisi. Vitenzi havikukubaliana na watu wao. Alirudi nyuma mara mbili kutafuta neno na mara moja akatia la Kiswahili. Alipomaliza alikuwa mwekundu masikioni, na kwa mara ya kwanza alionekana ameogopa kweli, kwa sababu alikuwa amemwambia mhadhiri wake amekosea mbele ya watu.

"Nisamehe, mwalimu," alisema.

"Endelea kukaa," alisema Nicodemus.

Faiz alikuwa amesimama ndani ya chumba, mkono bado kwenye kitasa. Dkt. Beryl alimuuliza yeye ni nani na anataka nini. Faiz akasema ni babake, na kwamba hataki kitu. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.

Yaliyobaki yalikuwa mapatano. Nicodemus alitaka karatasi ya zamani ifutwe, mtihani mpya, kwa Kiingereza kama wa wenzake, na sentensi yoyote ya kitabu itakayoonekana humo ihesabiwe sifuri. Akianguka, aende nyumbani. Aliutaka wiki inayofuata. Maisara akasema mwanzo wa muhula ujao. Nicodemus akasema huo si mtihani, ni likizo. Dkt. Beryl akauweka mwisho wa muhula huu. Maisara akaomba Kiingereza kilichovunjika kisikatwe alama. Nicodemus alikataa. Maisara akaomba kisikatwe alama pale maana inapoonekana. Nicodemus akasema atakata nusu, na hapo Maisara akanyamaza, kwa kuwa nusu ndiyo aliyoijia. Kuhusu mkataba wake, Dkt. Beryl alimwambia wakiwa kwenye ngazi kwamba watauzungumza baada ya mtihani huo.

Tangu siku ile Maisara alikuwa kila jioni anaandika uongo. Ninamaanisha hivyo. Alichukua sura moja ya kitabu na kuiandika upya makosa matupu, bei zinapanda palipotakiwa zishuke, benki zinafanya kazi ya maduka, na asubuhi akampa Swafia asahihishe. Kwanza kwa mdomo, kwa Kiswahili. Kisha kwa kalamu, kwa Kiingereza, kitabu kikiwa kimefungiwa kabatini. Siku za mwanzo msichana aliandika mistari miwili na mmoja wake ulikuwa wa kitabu. Maisara alikuwa anaukata na kumrudisha mwanzo, adhabu aliyoizoea. Zilikuwepo siku za kulia. Ilikuwepo siku Swafia alisema hatarudi, na Maisara akamwambia mlango uko wazi, tena afanye haraka kwa sababu kuna wengine wanakingoja kile kiti. Alirudi kesho yake. Bi Mwanatumu alipopata habari ya karatasi hizo alimtuma mtu kwa Maisara kumwambia kwamba amezeeka na sasa anafunza watoto makosa.

Siku ya mtihani walimkalisha peke yake, Jacinta akisimamia, simu imeachwa kwa babake. Alipotoka Maisara alimuuliza umeandikaje. Akasema hajui. Kabla ya hapo, kila mtihani maishani mwake alikuwa akitoka anajua hata herufi ya mwisho. Sasa aliandika vitu ambavyo havikuwa mahali popote, na hakuwa na kitabu cha kuvilinganisha navyo. Alikwenda nyumbani hakula.

Nicodemus alichukua muda wake kusahihisha. Maisara hakumfuata hata mara moja, maana ukimfuata mtu unamwonyesha haja yako. Mwishowe alimkuta kwenye varanda ya ghorofa ya pili. Karatasi ilikuwa imejaa wino mwekundu toka juu hadi chini. Nicodemus akamwambia sarufi ni mbovu, mpangilio ni mbovu zaidi, swali la tatu hakulielewa kabisa. Sentensi ya kitabu alitafuta, hakuiona. Alama zilikuwa za kupita, na juu ya mstari wa kupita hazikuzidi kwa kitu cha kujivunia.

Maisara alizitazama. Akauliza kama lile swali la tatu halina hata alama moja ya jasho.

"Bi Maisara," alisema Nicodemus, "amepita. Chukua uondoke."

Akachukua. Alimpigia Faiz palepale, akamsikia akizima mota ya cherehani ili asikie vizuri. Faiz akauliza amekuwa wa ngapi. Maisara akamwambia hakuna wa ngapi, alifanya peke yake. Faiz akauliza alama, akatajiwa. Mtoto huyu, alisema Faiz, hajawahi kuleta alama kama hizo ndani ya nyumba hii. Mamangu nitamwambia nini?

"Mwambie kesho saa mbili mjukuu wake ana somo," alisema Maisara. "La takwimu. Mwalimu wake hapendi wanaochelewa."

Faiz akasema atamleta mwenyewe.